Namba Iliyobaki Kwenye Kopo

Wasikilizaji wa Bukima na Majita nzima, mpaka Musoma mjini na Bunda, najua saa hizi wengine mnapakia nyavu na taa, mnasubiri giza liingie. Fungueni redio hivyo hivyo mkiendelea na kazi, maana ninalolileta leo linamhusu mvuvi sawasawa na linavyomhusu mwalimu. Nazungumzia dawa tunazomeza: nani anapima ubora wake, anapimia wapi, na kipimo chake kinafika umbali gani kabla hakijatuacha njiani.

Kuna swali moja linaulizwa kila siku katika maduka yetu ya dawa. Mama anaingia, mtoto mgongoni anachemka. Muuzaji, ambaye sote tunamwita daktari hata kama udaktari hakuusomea, anamwekea mezani aina mbili za dawa. Mama anauliza: "Daktari, hii ya wapi?" Akiambiwa ya India, anasitasita. Akiambiwa imetengenezwa hapa hapa Tanzania, anasitasita zaidi, jambo ambalo huwa linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Akiambiwa ya Uingereza, anafungua pindo la kanga bila kuuliza bei.

Mimi nasema swali hilo la "ya wapi" linatusaidia kidogo sana. Tuchukue dawa ambayo kila nyumba inaijua, parasetamoli. Kidonge kimeandikwa miligramu 500. Je, ndani kuna 500 kamili? Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuahidi hivyo kwa kila kidonge, ndiyo maana kuna vitabu vya viwango vya dawa, ambavyo wataalamu wanaviita farmakopia. Waingereza wana chao, Wamarekani wana chao, Ulaya, India, China na Japani wana vyao, na Shirika la Afya Duniani nalo lina cha kwake. Kitabu cha Waingereza kinataka vidonge vya parasetamoli viwe na kati ya asilimia 95 na 105 ya kiasi kilichoandikwa. Cha Wamarekani kinaruhusu kuanzia 90 mpaka 110. Piga hesabu. Vidonge vyenye wastani wa miligramu 460 vinafaulu Marekani na vinafeli Uingereza, vikiwa vidonge vile vile, siku ile ile. Na kichwa chako kinachouma hakitatambua tofauti.

Kwa hiyo vitabu vinatofautiana, lakini tofauti yao ni ya wataalamu wanaogombania nukta. Kwenye usafi wa dawa vinakaribiana zaidi. Parasetamoli ikichakaa inarudia kuwa kemikali iitwayo aminofenoli, ambayo si rafiki wa mwili, na vitabu vinaibana kwa vipande vidogo sana vya asilimia. Vinataka pia kidonge kiyeyuke ndani ya muda uliowekwa, kwa sababu kidonge kigumu kama kokoto kinaweza kuwa na dawa yote ndani yake kikapita tumboni mpaka kikatoka bila kukusaidia. Hapa kwetu TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inakubali vitabu vikubwa vinavyotambulika. Kiwanda kiwe cha India, Kenya au Ujerumani, kinapoomba usajili kinatakiwa kuonyesha dawa yake inapimwa kwa vigezo vipi, na kwa vigezo hivyo itakamatwa ikikosea.

Lipo jambo moja ambalo mahali panapotoka dawa panalibadilisha kweli, nalo ni hali ya hewa. Dawa kabla haijapewa tarehe ya mwisho wa matumizi huwekwa kwenye vyumba maalumu kwa miezi na miaka, wataalamu wakiangalia inavyochakaa. Dawa inayotengenezewa soko la Ulaya au Marekani hujaribiwa kwenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Ya nchi za joto kama zetu hujaribiwa kwenye nyuzi 30, na unyevu wa asilimia 65 au 75 kutegemea nchi. Sasa fikiria shemeji yako aliyeko ng'ambo anakutumia kopo la vidonge alivyonunua Ulaya, na wewe unavitunza kama dhahabu juu ya kabati, chini ya bati, Bukima, mwezi wa pili. Pengine havitaharibika. Ila aliyeandika ile tarehe kwenye kopo hakuwa na Bukima akilini. Aliandikia mtu wa nyuzi 25. Vile vya India ulivyovikunjia uso, kama vilisajiliwa kihalali, vilijaribiwa kwa joto linalofanana na lako.

Na joto letu si mzaha. Wakunga wanaijua sindano ya oksitosini, ile anayochomwa mama ili asivuje damu baada ya kujifungua. Inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Kichupa cha chanjo kina alama yake, duara lenye mraba mweupe katikati. Joto likizidi, mraba unaiva mpaka unalingana na duara, na muuguzi anakitupa. Oksitosini haina alama hiyo. Umeme ukikatika usiku kucha na jokofu likapoa asubuhi, dawa inaonekana vile vile, maji meupe ndani ya kioo, na anayekuja kugundua kwamba imeisha nguvu ni mama aliyelala kitandani.

Sasa twende kwenye vyombo vyetu wenyewe, maana wapo wanaosema Tanzania hakuna anayepima kitu. Si kweli. Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilianza kazi mwaka 2003, na mwaka 2019 ikaachiwa dawa na vifaa tiba ikawa TMDA, chakula kikaenda shirika la viwango, TBS. Maabara yake ya Dar es Salaam ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Desemba 2018 shirika hilo likatangaza kwamba mfumo wetu wa kudhibiti dawa umefika ngazi ya tatu kati ya nne, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kufika hapo. Ya kwanza, msikilizaji, kabla ya Afrika Kusini na kabla ya Nigeria. Tunajua kujisifia mpira ambao hatujashinda, na hili tulilolishinda wengi wetu hatujalisikia.

Hata hivyo naomba nikukumbushe lililotokea katika mkoa wetu huu huu wa Mara.

Agosti 2012, wakaguzi wa TFDA walikuwa katika ukaguzi wao wa kawaida katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime. Si duka la uchochoroni, wala begi la machinga kwenye basi la Sirari. Hospitali ya Serikali, dawa zimeletwa kwa njia ya Serikali. Kwenye rafu wakakuta makopo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yameandikwa TT-VIR 30, toleo namba OC.01.85, yakiwa na jina la kiwanda cha hapa nchini. Dawa zile zilikuwa bandia. Oktoba mwaka ule Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Hussein Mwinyi, alilitangazia taifa; wakuu kadhaa wa Bohari ya Dawa wakasimamishwa kazi na kiwanda kikasimamishwa uzalishaji. Baadaye suala likafika mahakamani Dar es Salaam.

Wengi tunaikumbuka habari ile kwa hasira, na hasira ni haki. Mimi naikumbuka zaidi kwa jambo dogo ambalo halikupewa nafasi kubwa magazetini: namba ya toleo. Kiwanda hakitengenezi dawa kama chapati, moja moja. Kinachanganya mzigo mkubwa kwa mara moja, kinaupima, kinaupa namba, na namba hiyo inapigwa kwenye kila kopo na kila pakiti ya mzigo ule. Ni kama namba iliyopakwa ubavuni mwa mtumbwi: mitumbwi mia ya bluu imelala ufukweni, namba ndiyo inasema huu ni wa nani. Dawa zile zilipogundulika Tarime, hapakuwa na haja ya kuwatia hofu watu wote wanaotumia dawa za kufubaza virusi nchi nzima. Iliwezekana kusema: tafuteni toleo OC.01.85, popote lilipo, litoeni. Na kwa kuwa mtumiaji wa dawa hizo hupewa kopo zima lenye karatasi yake, mtu aliyesikia tangazo redioni akiwa Nyamongo au Shirati angeweza kulishika kopo lake, kuligeuza, na kusoma mwenyewe.

Sasa tuje kwenye dawa zetu za kila siku, na hapa naomba utulie, maana ndipo nilipokuwa nakuelekeza tangu nilipoanza.

Simama kwenye duka lolote la dawa kijijini utazame mikono ya muuzaji. Mteja anataka vidonge kumi vya parasetamoli. Muuzaji anashusha kopo la vidonge elfu moja, anafungua, anahesabu kwa kijiko au kwa kisu cha meza, mbili mbili, anasukumia kwenye kibahasha. Anachukua peni, anaandika 2x3. Wakati mwingine anaandika jina la dawa, wakati mwingine haandiki, kwa sababu foleni ni ndefu na mteja anajua alichokuja kununua. Kopo linarudi kwenye rafu. Kwenye kopo lile kuna jina la kiwanda, nchi, namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kwenye kibahasha kuna 2x3.

Au ni dawa ya kwenye stripu, ile ya rangi mbili. Mteja hana hela ya dozi nzima, anataka sita. Mkasi unapita. Tarehe ya mwisho na namba ya toleo vimebonyezwa kwenye ncha moja tu ya stripu. Mteja mmoja ameondoka na ncha yenye tarehe. Aliyefuata ameondoka na karatasi inayong'aa isiyosema lolote.

Fikiria kazi yote iliyofanyika mpaka hapo. Kiwanda kilipima. Wakaguzi walisafiri mpaka kiwandani. Mafaili ya usajili yalisomwa Dar es Salaam, na mengine yalisomwa kwa pamoja na wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao tangu mwaka 2012 wanajaribu kuoanisha taratibu ili dawa moja isichunguzwe upya kila mpaka. Maabara ilipima sampuli. Mzigo ukaja kwa lori kupitia Mwanza, ukafika Bunda au Musoma, ukapanda bodaboda kwenda Majita. Mnyororo mrefu namna hiyo, wa mabara mawili, unakatikia kwenye meza ya mbao yenye upana wa hatua moja, kwa mkasi.

Aprili 2024 tulipata mfano mzuri wa kwa nini namba ya toleo inahitajika. Maabara ya Nigeria ilisema imekuta sumu katika toleo moja la dawa ya maji ya kikohozi ya watoto, dawa ya kampuni kubwa ya Marekani iliyotengenezwa kiwandani Afrika Kusini. Toleo namba 329304. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikaagiza toleo hilo liondolewe sokoni. Kampuni ilisema baadaye kwamba vipimo vyake yenyewe havikuikuta sumu hiyo, na sitaki kuwa hakimu wao. Lakini angalia tarehe. Dawa ile ilitengenezwa Mei 2021 na mwisho wake wa matumizi ulikuwa Aprili 2024, mwezi ule ule ilipotangazwa. Bila shaka chupa nyingi zilishanywewa zikatupwa.

Sumu iliyotajwa inaitwa daiethilini glaikoli. Ni maji matamu yasiyo na rangi, yanatumika viwandani, hata kwenye maji ya breki, na asiye mwaminifu anaweza kuyauza kama gliserini, ambayo ni halali kwenye dawa za maji. Figo za mtoto haziyawezi. Kikomo kinachokubalika ni asilimia 0.10 tu. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki Gambia baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizotoka India zikiwa na sumu hiyo, na mwaka huo huo Indonesia ikapoteza watoto zaidi ya 200. Marekani yenyewe ilipoteza zaidi ya watu 100 kwa sumu hiyo hiyo mwaka 1937, na vifo vile ndivyo vilivyowasukuma kutunga sheria kali mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayedhani uhafifu wa dawa ni ugonjwa wa Waafrika, akasome historia ya wenzetu. Walizika kwanza, wakatunga sheria baadaye.

Nitapita haraka kwenye suala la dawa bandia, kwa kuwa ndilo tunalolipenda kusimuliana, na lipo: mwaka 2009 dawa ya malaria ya Metakelfin, bandia na yenye dawa pungufu, ilikutwa kwenye maduka 40 ya dawa nchini. Lakini mara nyingi tatizo letu si mhalifu aliyejificha, ni dawa halali iliyotengenezwa vibaya au iliyotunzwa vibaya. Mwaka 2005 watafiti walikusanya dawa za malaria kutoka maduka ya nchi nzima, wakapima 304 maabara. Zilizofeli zilikuwa 38, kwa kuwa na kiasi kisicho sahihi cha dawa au kwa kutoyeyuka inavyotakiwa. Zamani zile tulipotumia SP kutibu malaria tulikuwa tunasema malaria imekuwa sugu. Ilikuwa sugu kweli. Lakini wapo waliomeza kokoto wakasema ni usugu.

Na tusijidanganye kuhusu mpaka. Sirari yetu na Isebania ya Kenya ni kijiji kimoja kwa mwenye bodaboda, na ziwa letu halina geti. Dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu ya Kenya au na mamlaka ya Uganda si lazima iwe imesajiliwa kwetu. Hata Zanzibar ina wakala wake. Dawa ya jirani inaweza kuwa nzuri sana, pengine inatoka kiwanda kile kile. Shida ni kwamba ikija ndani ya gunia, siku toleo lake litakapotangazwa Nairobi kuwa lina kasoro, tangazo halitakutafuta wewe hapa Bwai. Hakuna faili lolote linaloonyesha kwamba limewahi kufika.

Nijibu na malalamiko ya wenye maduka, maana najua mnanisikiliza na wengine mmeshaanza kunung'unika. Mnasema, bwana mtangazaji, wewe hujawahi kusimama nyuma ya hii meza siku ya mnada. Watu hawana hela ya pakiti nzima. Kopo la elfu moja ndilo rahisi. Nakubali yote. Mwenye shilingi za vidonge sita hawezi kulazimishwa kununua thelathini, na nchi haijawa tajiri kwa sababu mimi nimeshika kipaza sauti. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kusambaa nchini kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yamewaokoa watu wengi vijijini. Bila nyinyi, mtu wa Bukima angepanda gari mpaka Musoma kutafuta dawa ya mseto ya malaria.

Ninachodai ni kidogo. Peni iko mkononi tayari. Baada ya 2x3 andika jina la dawa, kisha namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ni herufi na tarakimu chache. Ukikata stripu, anza kukata upande usio na tarehe, na kile kipande cha mwisho chenye maandishi kibaki dukani mpaka stripu iishe. Ankara za mzigo wako wa Mwanza, zile zenye namba za matoleo, usifungie maandazi. Zitie kwenye faili. Na kopo lishuke kutoka rafu ya juu iliyogusana na bati, likae chini kwenye kivuli, kwa sababu limeandikwa chini ya nyuzi 30 na huko juu saa nane mchana hapana nyuzi 30.

Nawe mnunuzi, acha kuuliza dawa ni ya wapi. Sema: "Daktari, naomba nione kopo." Kama una simu yenye kamera, piga picha ile karatasi. Dawa ikikuletea vipele, ikikuzidishia ugonjwa, au ukimaliza dozi yote homa isitikisike, rudi kituo cha afya na kibahasha na picha yako, useme ulimeza nini. Mganga akiwa na namba ya toleo anaweza kutoa taarifa ofisi ya kanda ya TMDA Mwanza, na huko wakaenda kuitafuta dawa yenyewe. Asipokuwa nayo atabaki kuandika "mgonjwa alimeza vidonge vyeupe".

Wenye maduka, mama akiomba kuona kopo, asionekane mjuaji. Mgeuzie asome. Na kama macho yake hayayaoni yale maandishi, kwa kuwa ni madogo kweli kweli, msomee wewe, halafu umwandikie.